NAKALA YA HUKUMU SI HISANI

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa Februari, Mahakama ya Tanzania huadhimisha Siku ya Sheria. Majaji huvaa majoho yao, hotuba husomwa, na wananchi huelezwa haki zao. Hatuna ugomvi na sherehe hizo. Leo, hata hivyo, twataka kuuliza habari ya jambo lililo chini sana ya majoho, jambo la karani, jalada na karatasi: mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai katika wilaya iliyo mbali na mji, aipataje hukumu yake mkononi?

Wako watakaosema kuwa hilo ni swali la wanasheria. Sisi twaona ni swali la mkulima na kibarua. Mwenye fedha ana wakili, na wakili anajua mlango wa masjala ulipo. Kabwela akisomewa hukumu husikia idadi ya miezi peke yake; sababu alizozitaja hakimu humpita kama upepo, kwa kuwa moyo wake umekwisha kwenda kwa watoto. Katiba yetu, katika ibara ya 13(6)(a), yampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Lakini rufaa yataka sababu, na sababu zimo katika maandishi ya hakimu. Asiyeyasoma maandishi hayo ataandika nini? Ataandika kwamba hakuridhika, na hilo kila aliyefungwa aweza kuliandika.

Tuzitazame siku zenyewe. Aliyehukumiwa katika Mahakama ya Wilaya na kutaka kwenda Mahakama Kuu hupaswa kutoa taarifa ya kusudio lake katika siku 10, na kupeleka rufaa yake katika siku 45. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilitumia busara hapo: muda anaoutumia kungojea nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu hauhesabiwi. Waliotunga kifungu hicho walijua jinsi makarani walivyo na jinsi barabara zetu zilivyo. Lakini yule aliyehukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambaye mara nyingi ndiye mnyonge kuliko wote, ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya, nazo zahesabiwa tangu siku ya uamuzi. Nakala ikichelewa, siku zake zaliwa. Kweli, aweza kuomba aongezewe muda akiwa na sababu za kuridhisha. Lakini ombi hilo nalo lataka maandishi, nauli na siku ya kusikilizwa, na yeye yumo gerezani.

Tumepata kusikia hoja kwamba Mahakama ya Mwanzo, kwa kawaida, haiwezi kufunga mtu zaidi ya miezi 12, na kwa hiyo madhara yake ni madogo. Hoja hiyo twaikataa kabisa. Ufupi wa kifungo ndio unaoifanya karatasi iwe ya haraka. Mwenye kifungo cha miaka 30 aweza kungoja jalada mwaka mzima, na rufaa yake bado itakuwa na kazi ya kufanya. Tuseme mkulima wa korosho wa Liwale amefungwa miezi sita katika mwezi wa Agosti. Mavuno ya korosho huanza kiasi cha mwezi wa Oktoba. Nakala ikipatikana wiki ya pili, huenda rufaa ikasikilizwa naye angali na shamba la kuliokota. Ikipatikana mwezi wa nne, korosho zimekwisha kuokotwa na wengine, deni la dawa ya kupulizia limebaki kwa mkewe, na mahakama ya juu ikimwona hana hatia humtangazia ushindi mtu aliyekwisha kutumikia kifungo chake. Hatuitaji Liwale kwa kuwa mahakama zake zina kasoro kuliko nyingine. Twaitaja kwa ajili ya njia: rufaa ya Mahakama Kuu kutoka huko imekuwa ikielekea Mtwara, kupitia Nachingwea na Masasi, na anayeijua barabara hiyo wakati wa masika hahitaji kuambiwa zaidi.

Kuna upande mwingine ambao watu huusahau, nao ni wa yule aliyeachiwa huru. Kijiji hukumbuka siku mtu alipokamatwa; siku alipoachiwa hakuna aliyeiona. Miaka mitano baadaye aomba kazi ya ulinzi, au agombea uongozi katika chama cha ushirika, na mtu mmoja ainuka kusema, “Huyu alikuwa na kesi ya wizi.” Jibu lake ni karatasi moja yenye mhuri wa mahakama. Akiikosa, atajitetea kwa maneno mbele ya maneno, na maneno ya kashfa daima yana miguu mirefu.

Basi jalada hutafutwaje? Twalieleza hili kwa urefu kidogo, maana tumeona watu wakipoteza nauli kwa kutojua. Polisi wana jalada lao na mahakama ina lake. Ile namba ya RB aliyopewa mtu kituoni ni ya kitabu cha taarifa cha polisi. Karani wa mahakama akipewa namba hiyo peke yake hataona kitu. Inayotakiwa ni namba ya shauri la jinai pamoja na mwaka wake, jina la mshitakiwa kama lilivyoandikwa siku ile (na majina yetu huandikwa kwa namna nyingi), jina la mahakama, na tarehe ya hukumu. Asiyekuwa na namba aombe rejista ya mashauri ya jinai ya mwaka huo itazamwe. Na kama shauri lilikwisha kukatiwa rufaa, jalada halipo tena lilipoanzia; limepanda Mahakama ya Wilaya, au Mahakama Kuu. Karani mwema humwambia mtu hivyo kwa dakika moja. Karani mvivu humwambia, “Halionekani,” naye maskini hurudi kijijini akidhani limepotea.

Ombi la nakala ni bora liwe la maandishi, lenye tarehe, na mwombaji abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea baadaye akiulizwa kwa nini amechelewa. Aliye gerezani asidhani kuta zimemfungia rufaa pia: sheria yamruhusu kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuipeleka mahakamani. Tena tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na kazi ya kumwandikia mtu barua ya namna hii ni yao.

Kuhusu malipo twasema waziwazi. Ada ya serikali ikiwapo, siku hizi hulipwa kwa namba maalumu ya malipo na stakabadhi hutolewa. Fedha inayoombwa mkononi, pembeni ya dirisha, kwa jina la chai au karatasi au wino, ni rushwa, na TAKUKURU ipo kwa ajili hiyo. Twajua kuwa baadhi ya makarani hufanya kazi katika vyumba vinavyovuja, wenye mashine moja ya kupiga chapa kwa mahakimu kadhaa, na kwamba mwenendo ulioandikwa kwa mkono katika kurasa mia hauchapwi kwa siku moja. Ugumu huo twaukubali na twauombea fedha. Lakini jalada likionekana mara tu noti inapotoka mfukoni, shida haikuwa uchache wa mashine.

Haki imekwisha kusogezwa karibu na mwananchi kwa njia nyingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliondoa mfumo wa mahakama za wenyeji uliorithiwa kutoka kwa wakoloni, ikaweka Mahakama za Mwanzo ambamo Kiswahili ndiyo lugha ya kuendeshea mashauri. Huko juu Kiingereza kiliendelea kuandika hukumu za watu wasiokijua, mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Siku hizi pia hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani husomwa bure katika mtandao wa TanzLII. Mtu aliye Boston aweza kuisoma hukumu ya Mahakama ya Rufani kabla ya chakula cha mchana, na mke wa mfungwa wa Mahakama ya Mwanzo akasafiri mara tatu kuitafuta ya mumewe. Jambo hili laaibisha.

Hatudai kwamba kila jalada lifunguliwe kwa kila mpita njia. Mashauri ya watoto yana hifadhi yake chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mwanamke aliyedhulumiwa mwili wake hapaswi kusomwa sokoni. Wapo pia watafutao kesi ya jirani kwa ajili ya fitina tu. Karani ana haki ya kumwuliza mtu asiyehusika alitakia nini jalada. Mshitakiwa mwenyewe, na mlalamikaji, hawapaswi kuulizwa hivyo.

Tunachodai ni kidogo, nacho chaweza kuanza bila mitambo. Kila mtu anayehukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo apewe siku ile ile, kabla hajapandishwa gari la magereza, karatasi moja iliyotiwa saini na hakimu: namba ya shauri, kosa, adhabu, sababu za hukumu kwa ufupi, jina la mahakama ya rufaa, na tarehe ambayo siku zake 30 zitakwisha. Nakala ya pili apewe ndugu aliyefika mahakamani. Nakala kamili ya hukumu ifuate katika siku 14, na ikichelewa, karani aandike sababu na kuitia saini yake, ili mahakama ya juu ijue ni nani aliyezila siku za mfungwa. Mahakimu Wafawidhi wa wilaya waweza kuagiza haya Jumatatu ijayo. Wabunge wetu nao wana kifungu cha kurekebisha, ili aliyehukumiwa katika Mahakama ya Mwanzo ahesabiwe siku zake kama anavyohesabiwa yule wa Mahakama ya Wilaya, yaani kwa kuondoa muda wa kungojea karatasi.