Cheza, Lakini Panga Kwanza

Kwetu, gemu si upotevu wa wakati. Mkenya Sylvia Gathoni, QueenArrow, alisajiliwa na timu ya ng'ambo mwaka wa 2018 kwa kucheza Tekken.

Shida ni kucheza bila mpaka. Kwenye vibanda vya PS Kawangware na Kangemi, mechi ikiisha unalipa tena au unampisha mwenzako. Simu haikuambii uinuke. Uko ndani ya matatu ukitoka tao, unanunua sarafu za gemu kwa PIN tu. Shilingi 50 mara kumi ni 500, na hiyo ni nauli!

Kwa hivyo, kabla hujafungua gemu, amua muda na kiasi. Zitenge pesa za gemu na za kodi na stima. Kila Jumapili, pitia taarifa ya malipo yako. Umepita kiasi? Wiki ijayo punguza.