Neno la Mhariri: Fomu ya Ridhaa Peke Yake Haimlindi Mtu wa Kibiti

Mtafiti wa saikolojia anayekwenda kijijini Tanzania hufuata njia iliyozoeleka. Huomba kibali cha maadili chuoni kwake au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), hupiga hodi wilayani, hushukia kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji humtembeza nyumba kwa nyumba. Ni njia ya heshima, na mahali pengi inafaa. Hoja ya toleo hili ni kwamba huko Kibiti, mkoani Pwani, njia hiyo haitoshi, na ikifuatwa bila kufikiri huweza kumdhuru yule inayodai kumlinda.

Mwaka 2016 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga ziliishi katika hofu. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wa chama tawala walipigwa risasi, wengine wakiwa majumbani mwao. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa kuvamiwa eneo la Jaribu. Serikali ikaunda mkoa maalumu wa kipolisi wa Rufiji, msako ukapamba moto, na zipo familia zilizosema jamaa zao walichukuliwa wasirudi. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyeripoti mauaji hayo, alitoweka. Hadi leo hajulikani alipo.

Watu waliopitia hayo walijifunza kupima kila neno. Mjane hakujua jirani yupi anasikiliza, na mama wa kijana aliyechukuliwa hakujua nani atapeleka maneno yake wapi. Leo anapofika mgeni na dodoso, akiongozana na mwenyekiti, kitongoji kizima huona mlango alioingia na muda aliokaa. Jina likifutwa kwenye karatasi, macho ya majirani hayafutiki. Na "ndiyo" inayotamkwa mbele ya mwenyekiti ni jibu la mwananchi kwa kiongozi wake. Dole gumba likibandikwa hapo, faili la mtafiti limekamilika, lakini ridhaa bado haijapatikana.

Mwanasaikolojia makini ataaga uongozi kwa adabu, kisha ataomba aende peke yake. Atamwachia mzungumzaji achague mahali na saa: pengine shambani msimu wa mpunga, pengine nyumba ya dada yake mbali na kitongoji. Atarudi siku nyingine kuuliza tena kama mtu bado yu radhi. Atasema wazi, kabla ya swali la kwanza, usiri anaoahidi unaishia wapi na atafanya nini chombo cha dola kikiyataka madaftari yake. Kama hana jibu la swali hilo, asianze.

Taaluma yetu imewahi kuonywa juu ya ukaribu na vyombo vya dola. Mwaka 2015 uchunguzi huru ulionyesha kuwa viongozi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani walishirikiana na maofisa wa ulinzi kulegeza miongozo ya maadili, ili wanasaikolojia waendelee kushiriki mahojiano ya mahabusu wa kivita. Mwezi Agosti mwaka huo chama kikapiga kura kuwazuia wanachama wake wasishiriki mahojiano ya aina hiyo. Vyumba vile vya mahojiano viko mbali na mikoko ya Salale na Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, lakini kanuni ni ileile: anayefungua moyo wa mtu hawezi kuwa sikio la anayemchunguza.

Baada ya ridhaa, jambo la pili ni matunzo. Swali kuhusu usiku wa mauaji hurudisha usingizi wa kukatikakatika na moyo unaodunda. Mkazi wa visiwa vya delta anayehitaji msaada hupanda boti hadi Nyamisati, hufika Kibiti kwa barabara, na akipewa rufaa ya mkoa huelekea Tumbi, Kibaha. Mtafiti asiyeandaa mshauri nasaha wa karibu, na nauli ya safari hiyo, hana haki ya kuuliza.

Rufiji yenyewe imeonyesha kuwa utafiti unaweza kumfaa anayetafitiwa. Tangu 1998 kaya za huko zimehesabiwa kwa awamu, na wafiwa wameulizwa dalili za marehemu wao. Ni maswali mazito kujibiwa na mtu aliye msibani. Lakini majibu yale yalitumiwa na TEHIP, mradi wa huduma muhimu za afya, kuelekeza bajeti ya afya ya wilaya kwenye maradhi yaliyokuwa yakiua watu, na vifo vya watoto vikapungua. Wananchi walitoa uchungu wao, wakarudishiwa dawa. Je, sisi wa saikolojia tumewarudishia nini wafiwa wa 2017, au waliopoteza nyumba na mashamba katika mafuriko ya Aprili 2024?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana. Maadili yanatudai zaidi ya sheria. Kwa hiyo tunawaomba waandishi wetu: mnapoleta makala kutoka maeneo yaliyopita kwenye hofu, namba ya kibali pekee haitatosha. Tuandikieni mliingiaje kijijini, nani alikuwa karibu mtu alipokubali, wangapi walikataa na mkawaheshimu, nani aliwatunza walioumia, na matokeo mliyasoma lini mbele ya waliowapa majibu. Makala isiyojibu maswali hayo haitachapishwa hapa.