Mungu Hahitaji Uongo Wetu



Ndugu wapendwa, tafakari ya juma hili naianza kwa kuungama kosa. Katika semina ya vijana wa parokia, nikitaka kuwaonesha kwamba sayansi si adui wa imani, niliwasomea maneno yanayodaiwa kuwa ya Werner Heisenberg, mwanafizikia wa Ujerumani. Wengi wenu mnayafahamu, kwa maana yamezunguka sana katika simu zetu: kwamba funda la kwanza la kikombe cha sayansi humfanya mtu amkane Mungu, lakini chini kabisa ya kikombe hicho Mungu anamngoja. Vijana walipiga makofi, nami nikaketi nimeridhika.

Baada ya majuma mawili kijana mmoja anayesoma chuo kikuu alinijia ofisini, akaniuliza kwa heshima: “Baba Paroko, maneno yale Heisenberg aliyaandika wapi?” Sikuwa na jibu. Akaendelea: “Nimeyatafuta sijayaona. Sasa najiuliza, yale mengine unayotufundisha uliyahakiki?”

Swali hilo lilinichoma, nikarudi vitabuni. Heisenberg alizaliwa Würzburg mwaka 1901, akafariki Munich mwaka 1976. Ni mmoja wa waasisi wa fizikia ya kwantamu, elimu inayochunguza chembe ndogo kabisa za maumbile. Mwaka 1927 alieleza kwamba mahali ilipo chembe na mwendo wake haviwezi kujulikana vyote viwili kwa usahihi kamili kwa wakati mmoja. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932.

Katika maandishi yake yaliyochapwa, maneno yale ya kikombe hayamo. Yalitokea kwa jina lake katika jarida la Kikristo la lugha ya Kijerumani mwaka 1988, miaka 12 baada ya kifo chake, na mwandishi hakutaja alikoyatoa. Mtu aliyemfahamu Heisenberg ameeleza kwamba hata watoto wake hawamtambui baba yao katika usemi huo. Wazo lenyewe ni kongwe: Mwingereza Francis Bacon alilieleza katika karne ya 17, aliposema kwamba elimu kidogo humwelekeza mtu kumkana Mungu, nayo elimu ya kina humrudisha. Mwaka 1948 Carl Friedrich von Weizsäcker, aliyekuwa mwanafunzi wa Heisenberg, aliandika msemo unaofanana sana na huu wa kikombe, lakini kwa uaminifu akauita msemo wa kale. Yawezekana kwamba msemo usio na mwenyewe ulivishwa joho la mwalimu mashuhuri, nasi tukalipigia magoti joho.

Atauliza mtu: “Padre, kuna ubaya gani, ikiwa maneno ni mazuri na yanamtukuza Mungu?” Ubaya upo. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watamtetea Mungu kwa maneno yasiyo ya haki (Ayu 13:7), na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakemea marafiki wale. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Haisemi kwamba uongo unaruhusiwa ukiwa wa kumsifu, wala kwamba marehemu si jirani. Naye Mtakatifu Augustino, akifafanua Kitabu cha Mwanzo, aliwaonya Wakristo wanaosema ovyo mambo ya maumbile mbele ya wasioamini wanaoyajua: msikilizaji akikukuta umekosea katika jambo analolijua, atakuamini vipi unapomhubiria ufufuko wa wafu? Ndilo swali la kijana wangu, kwa maneno mengine.

Tena, tulimdhulumu Heisenberg, kwa sababu yale aliyoyasema kweli yana uzito zaidi. Alikuwa Mlutheri. Mwaka 1973 Akademia ya Kikatoliki ya Bavaria ilimtunuku tuzo yenye jina la Padre Romano Guardini, naye akatoa hotuba juu ya ukweli wa kisayansi na ukweli wa kidini. Hakusema kwamba sayansi inamthibitisha Mungu. Alisema kwamba hawezi kuutilia shaka ukweli wa sayansi katika uwanja wake, na wala hawezi kuitupa dini kana kwamba ni hatua ya ujinga iliyopitwa na wakati. Maneno hayo hayaenei katika ujumbe mfupi wa simu, lakini ni maneno ya mtu mzima aliyefikiri.

Katika kitabu chake cha mwaka 1969, ambamo anasimulia mazungumzo yake na wanafizikia wenzake, pamoja na yale ya Brussels mwaka 1927 walipobishana juu ya dini, anatahadharisha tangu dibaji kwamba hakuyanukuu neno kwa neno. Alikuwa mwangalifu kwa maneno ya wenzake kuliko sisi tulivyokuwa kwa ya kwake.

Basi, wapendwa, kabla ya kusoma nukuu katika jumuiya ndogo ndogo, tujiulize: nani alisema, katika kitabu gani, mwaka gani? Tusipopata jibu, tuseme tu, “Kuna msemo usemao.” Hayo yawahusu hata watakatifu: ule usemi kwamba tuhubiri Injili daima na tutumie maneno inapobidi, haumo katika maandishi ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi.

Katika kikao kilichofuata nilisimama mbele ya vijana wale wale nikajisahihisha. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kijana yule alibaki nyuma, akaniomba nimwazime kile kitabu cha Heisenberg.

Nawatakieni Dominika njema. Bwana awe nanyi.