Glukosi na Tumbo la Mkimbiaji

Kila ufikapo msimu wa michezo ya shule, kama ile ya UMITASHUMTA, makopo ya glukosi hununuliwa kwa wingi. Mtoto hulamba unga huo kiganjani, husukumia na maji kidogo, kisha huambiwa akimbie. Punde si punde ameinama pembeni mwa uwanja, ameshika tumbo, na watu wanasema ana woga. Mimi nasema mara nyingi si woga, ni glukosi.

Glukosi ni sukari tu. Ikiingia ikiwa nzito, tumbo hukawia kuipeleka kwenye utumbo mwembamba, na utumbo nao huvuta maji kutoka mwilini ili kuizimua. Ndipo huja kujaa, kichefuchefu, msokoto na hata kuharisha. Tena mtu anapokimbia kwa nguvu, damu nyingi huenda kwenye misuli, na tumbo hubaki na damu kidogo ya kufanyia kazi yake.

Wapo watakaoniambia kwamba Eliud Kipchoge alikunywa kinywaji cha wanga kule Vienna mwaka 2019, akamaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ni kweli. Lakini hizo ni karibu saa mbili za mbio, na wakimbiaji wa namna hiyo hulizoeza tumbo lao mazoezini kabla ya mashindano. Misuli na ini huweka akiba ya wanga ya kutosha kazi ngumu ya saa moja na zaidi. Mtoto wa mita 800 hukimbia dakika chache. Kopo la nini?

Pesa hiyo heri inunue unga wa uji. Mtoto ale viazi vitamu au wali saa tatu hivi kabla ya mbio, maharage yapunguzwe siku hiyo, na anywe maji. Kijana wa mbio za zaidi ya saa nzima aweza kufaidika na sukari: vijiko 6 vya chai, visivyojaa sana, katika nusu lita ya maji, anywe kidogo kidogo. Naye aanze kujaribu siku za mazoezi.

Mtoto mwenye kisukari anayetumia insulini ni habari nyingine. Huyo afuate maagizo ya kliniki yake, na sukari isimkose mfukoni.

Aliyeanza kuharisha msimwongezee glukosi, mpeni maji ya ORS. Akitapika mfululizo au akipata choo chenye damu, mleteni hospitali siku hiyo hiyo.