Dawa Isiyoponya

Kiswahili hukiita dawa kile kinachomponya mgonjwa na pia kile kinachomwua mdudu shambani. Kinyarwanda nacho hufanya vivyo hivyo kwa neno umuti. Nashikilia kwamba jina hilo hutuponza: dawa iliyobaki huwekwa akiba chini ya kitanda, na chupa yake ikiisha huoshwa ikatiwa mafuta ya kupikia. Afadhali tuzoee kusema kiuatilifu, kwani humo kitenzi kuua hakijifichi.

Maji ya mashamba ya mpunga ya Bugarama huteremkia Mto Rusizi, nao Rusizi huingia Ziwa Tanganyika. Ukimwaga mabaki mferejini, umeyavusha hadi Burundi na Kongo bila pasipoti. Kuyachoma hakufai, kwa kuwa moshi wake nao ni sumu. Kuyafukia ni kuyaficha tu.

Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yatiwe katika bomba la kupulizia yatumike shambani, kisha chupa itobolewe. Hilo mkulima aliweza. Kiuatilifu kilichobaki au kilichopitwa na wakati, hata hivyo, si mzigo wake peke yake. Kikae katika chombo chake chenye lebo, ndani ya kufuli, hadi duka la pembejeo lililokiuza likipokee na kukirudisha kwa mwagizaji. Maduka yasipotaka kwa hiari, yalazimishwe.

Nawe ukitumwa dukani, nunua kinachotosha msimu mmoja, na kabla ya kulipa mwulize mwenye duka iwapo atakipokea kitakachosalia.