CHAMA NA ASIYE NA CHAMA



Neno chama kwetu lina maana mbili. Chama chetu hiki humpokea kila mwenye mikarafuu, wala hakimwulizi kura yake aliitia wapi. Vyama vya siasa kazi yao ni kushindania serikali, na matokeo hutegemea sheria ya mashindano.

Visiwani twaijua sheria hiyo vyema. Januari 1961 A.S.P. ilipata viti 10, Z.N.P. 9 na Z.P.P.P. 3, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wakagawanyika, ikawa 11 kwa 11. Julai 1963 A.S.P. ilipata asilimia 54 hivi ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwani kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Wenzao wakaunda serikali. Ndiyo hesabu ya majimbo.

Tanganyika mwaka 1965 ilichagua kwa chama kimoja. Hata hivyo kila jimbo lenye ushindani liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na baadhi ya mawaziri waliangushwa. Vyama vingi vikarudi mwaka 1992.

Sasa na tutazame Oloipiri, kata ya wafugaji wilayani Ngorongoro. Wazee wa Kimasai humsimika laigwanani bila ya kumwomba kadi. Lakini atakaye udiwani wa kata hiyo, hata akipendwa na boma zote, sharti adhaminiwe na chama cha siasa. Na diwani akifukuzwa chamani hupoteza kiti. Je, chama kikisema hivi juu ya malisho, na wafugaji wakasema vile, diwani huyo atamsikiliza nani?

Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, mkoa ule ule, iliamua katika kesi ya Mchungaji Mtikila kuwa kumkataza mgombea binafsi ni kuvunja haki. Katazo halikuondolewa, uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulifanywa nalo.

Wako wasemao kuwa asiye na chama hana wa kumrudi akipotoka. Sisi twaona wa kumrudi ni wale waliompa kura. Vyama vina faida yake, kwani huwakusanya watu wa mbali katika shauri moja. Lakini havifai kuwa mlango wa pekee. Twaonelea mgombea binafsi aruhusiwe, na ianzwe vijijini na katika kata, ambako watu hujuana.

Wala tusiseme Oloipiri ni mbali. Hapa kwetu sheha huteuliwa, hachaguliwi. Na wazee wetu wanakumbuka zama za siasa, kabla ya 1964, wenye mashamba na wakaazi wao walipofarakana kwa ajili ya vyama, hata watu wakafukuzwa mashambani. Basi kadi zetu tuziache mlangoni tunapokutana hapa. Karafuu haina chama.

Wassalaam.