Onyo la Betri Kwenye Mfumo wa Majaribio: Tusilipuuze, Tusilikimbilie Dukani



Leo tunaziweka pembeni habari za singo, hina na mapishi, tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tunashinda nacho kutwa nzima: laptopu. Hasa ule ujumbe mdogo unaochomoza pembeni ya skrini ukisema betri imechoka na inafaa kubadilishwa, na unachomoza siku chache tu baada ya mtu kuweka mfumo endeshi wa majaribio, ule unaoitwa beta.

Tunawalenga zaidi dada zetu walioko Mtumba, Dodoma. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa hapo Aprili 2019, wizara za Muungano zimehamia huko, na watoto wetu wa Unguja na Pemba wamo ndani ya ofisi hizo. Wapo pia mabiharusi wanaoolewa wakafuata waume zao Dodoma, na laptopu imo kwenye sanduku pamoja na kanga na udi. Mwengine anafanya nayo kazi ya kuajiriwa, mwengine anasoma chuo kwa mtandao, mwengine anauza mabaibui na kupokea oda kupitia hiyo hiyo. Laptopu ikikwama, riziki nayo imekwama.

Msimamo wetu ni huu. Kompyuta unayoitegemea kwa riziki, au uliyokabidhiwa na ofisi, si mahali pa kujaribia mfumo ambao haujakamilika. Na kama umeshauweka na onyo la betri limetokea, usiseme "hii beta inadanganya" ukalala usingizi, wala usitoe pesa ya betri mpya siku hiyo hiyo. Kwanza hakikisha. Dini yetu imetufundisha tusiipokee habari wala kuitupa kabla ya kuichunguza, na habari ya mashine nayo ni habari.

Beta ni nini? Ni mfumo ambao watengenezaji wenyewe wanasema bado haujaiva. Wanautoa ili watu wautumie, makosa yaonekane, kisha yarekebishwe. Microsoft wana mpango wao wa majaribio ya Windows tangu 2014, na Apple walianza kuwafungulia watu wa kawaida majaribio ya mfumo wa Mac mwaka huo huo. Apple wenyewe wanashauri uuweke kwenye kifaa ambacho si tegemeo lako, na uhifadhi nakala ya mafaili kwanza. Mwenye mali anapokwambia hivyo, kwa nini sisi tujifanye majasiri kuliko yeye?

Mfumo wa majaribio unaweza kula chaji kuliko uliokamilika. Unakusanya taarifa za makosa ili uzipeleke kwa mtengenezaji. Mara tu baada ya kuwekwa, unapanga upya orodha ya mafaili yako yote kimya kimya. Na programu zinazoongoza skrini, waifai na feni huenda bado hazijaoanishwa nao vizuri. Basi laptopu iliyokuwa ikikaa na chaji tangu asubuhi hadi adhuhuri inazima kabla ya chai ya saa nne.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni chaji kuisha haraka. Hilo linaweza kuwa la mfumo, na likatulia baada ya siku mbili tatu au toleo jengine likitoka. La pili ni betri yenyewe kupoteza uwezo wa kubeba chaji. Hilo ni la betri, na mfumo wowote utakaoweka hautairudishia ujana. Ni kama mtungi wa maji: kumwaga haraka ni jambo moja, na mtungi kupungua ukubwa ni jambo jengine.

Kuna kisa cha kweli kinachotufunza. Windows 7 ilitolewa kwa majaribio kwa watu wote Januari 2009, na ikauzwa rasmi Oktoba 22, 2009. Watu wakaanza kuona ujumbe wa kuwashauri wafikirie kubadilisha betri. Lawama zikaenda kwa mfumo mpya: mbona kwenye mfumo wa zamani hatukuambiwa hivi? Wengine wakaamini kwamba Windows 7 ndiyo iliyowaulia betri zao.

Februari 2010 Steven Sinofsky, aliyekuwa akiongoza kazi ya Windows pale Microsoft, alitoa maelezo. Ujumbe ule ulikuwa kitu kipya katika Windows 7. Mfumo ulikuwa ukisoma taarifa kutoka kwenye betri yenyewe, ukilinganisha uwezo wa sasa na uwezo iliyotoka nao kiwandani, na ukitoa onyo pale betri iliposhuka hadi asilimia 40 ya uwezo wake wa awali. Katika malalamiko waliyoyachunguza, walikuta betri zimechoka kweli. Mifumo ya nyuma ilikuwa na betri hizo hizo, ila haikuwa na mdomo wa kusema. Watu walidhani kimya ni uzima.

Sisi wa Unguja tunaikumbuka Februari ile kwa jambo jengine. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa bila umeme kwa hitilafu ya njia inayotoka bara. Miezi ile ilitufunza thamani ya chaji. Mwenye betri nzima alimaliza kazi yake, na mwenye betri iliyokufa alibaki na bao tupu mezani.

Lakini tusifanye kosa la upande wa pili tukasema kila onyo ni la kweli. Mfumo wa majaribio unaweza kusoma vibaya, ukaonesha asilimia inayoruka au ukatoa onyo lisilo na msingi. Ndiyo maana tunasema hakikisha, na kuhakikisha si kazi ngumu.

Ukiwa na Windows, fungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Kompyuta itakutengenezea ripoti na kukuonesha ilipoihifadhi. Ndani yake tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani uwezo wa leo ikijaa. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Kwa mfano, kama kiwandani ni 50,000 na leo ni 42,000, betri yako ina asilimia 84, na hiyo bado ni nzima. Kama leo ni 18,000, imebakia asilimia 36, na onyo limesema kweli. Kwenye Mac, nenda kwenye mipangilio ya betri utazame hali yake. Ikisema Normal, uko salama. Ikisema Service Recommended, ipeleke kwa fundi unayemuamini, na muulize imeshazunguka mara ngapi, maana Mac nyingi za miaka ya karibuni zimekusudiwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000.

Ukiwa bado na wasiwasi, rudi kwenye mfumo uliokamilika kisha upime tena. Onyo likiondoka na namba zikakaa sawa, lilikuwa la beta. Likibaki, anza kuweka akiba ya betri. Ila jua kwamba kurudi nyuma si kama kuvua ushungi na kuvaa mwengine. Kwenye Windows muda wa kurudi kwa urahisi kwa kawaida ni siku 10, na mara nyingi baada ya hapo unalazimika kufuta kila kitu na kuanza upya. Kwenye Mac pia utafuta diski. Asiyeweka nakala pembeni ataagana na picha za harusi yake.

Tena mfumo wa majaribio una tarehe ya mwisho. Toleo la Windows 7 lililotangulia kutolewa rasmi lilipangwa kwamba kuanzia Machi 1, 2010 kompyuta ijizime kila baada ya muda wa saa mbili, na Juni 1, 2010 muda wake umalizike kabisa. Hiyo haikuwa hitilafu, ndivyo ilivyokusudiwa. Fikiria uko katikati ya ripoti ya mkuu wako wa idara na mashine inajizima.

Kuna onyo moja ambalo halingoji namba. Ukiona laptopu imetuna chini, kibao cha kupapasia kimeinuka, au haifungi vizuri kama zamani, huenda betri imevimba. Izime, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, na usiiweke kitandani anapolala mtoto. Ipeleke kwa fundi. Betri hizi za lithiamu zikiharibika zinaweza kuwaka moto.

Na kabla ya kulaumu mfumo, tazama mazoea. Joto ndilo linalochosha betri haraka. Apple wanasema joto la mazingira likipita nyuzi 35 linaweza kupunguza uwezo wa betri moja kwa moja, bila kurudi. Jua la Dodoma mnalijua. Gari iliyoegeshwa nje Mtumba tangu asubuhi, madirisha yamefungwa na laptopu iko kiti cha nyuma, ndani yake ni tanuri. Toka nayo. Usiitumie juu ya godoro au mto, maana inakosa pumzi. Na kama unaiweka kabati wiki kadhaa, kwa mfano unapokuja nyumbani kwa likizo ya Idi, iache na chaji nusu, si tupu wala si iliyojaa.

Sasa neno la amana. Laptopu ya ofisi si yako. Ndani yake mna majina ya watu, mishahara, barua na siri za wananchi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili ni la sheria pia, si la heshima tu. Kuweka humo mfumo wa majaribio kwa sababu umeona una rangi nzuri ni kucheza na amana ya watu. Onyo la betri likitokea, ripoti kwa kitengo cha Tehama, kwa maandishi. Usinunue betri ya bei rahisi mtaani ukaitia mwenyewe kwa kuona haya.

Na wewe bi harusi wetu, kama laptopu imo kwenye vitu vya kuhamia, ipime betri yake kabla hujafunga sanduku. Ukijua mapema kwamba imechoka, utaiingiza kwenye bajeti pamoja na mapazia na vyombo, na hutamuomba bwana pesa ya ghafla mwezi wa kwanza wa ndoa. Na bwana akiwa mpenzi wa kujaribu mifumo mipya, mwambie kwa upole: "Mume wangu, jaribu kwenye ile ya zamani, hii ndiyo inayotulisha." Nyumba ni kusikilizana, inshaallah atakuelewa.

Waswahili walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu linanyesha, na mwenye busara hutoka nje akatazama kabla ya kuanua nguo. Fungueni ripoti ya betri leo, dada zetu. Mkishajua namba zenu, mtajua cha kufanya.

Allah atuhifadhie riziki zetu na amana tulizopewa. Amin.